Mguu wa Nne wa Meza Yetu

Baba Furaha,

Barua huanza kwa kuuliza afya, lakini yako naijua, nilikuwepo ilipokwisha. Kwa hiyo naanza na meza.

Tangu uondoke imekuwa ikigonga. Kila lori la matofali likipita barabarani, meza inainama upande wa dirisha, halafu inarudi: ko. Mwaka wa kwanza nilikuwa naitikia, "Karibu," naenda kufungua, sioni mtu. Mwaka wa pili nikajua ni meza, na bado nikaitikia. Jirani yetu Nalongo, yule mama wa mapacha anayeuza mkaa, aliniuliza siku moja ni mgeni gani huyu anayekuja kila saa na viatu vyake havionekani mlangoni. Nikamwambia ana miguu minne, na mmoja ni mrefu kuliko mingine. Hakucheka. Kesho yake aliniletea kichupa cha mafuta ya upako, akapaka mlango wote, hata bawaba. Tangu siku hiyo mlango haulii tena. Meza iliendelea.

Hapa Nateete watu wanakukumbuka kwa ile sheria yako. Ulikuwa unatengeneza meza ndogo, ya chai, ya televisheni, ya kuuzia kadi za simu, miguu mitatu inalingana sawasawa, na wa nne unauacha mrefu kwa upana wa kidole. Unaifunga kwenye bodaboda, unaifuata hadi kwa mwenyewe na msumeno kwapani. Ukifika unaomba sahani ya maji. Wengine walidhani una njaa, wakakuletea na chakula, nawe hukuwahi kuwasahihisha kabla hujamaliza kula. Kisha unaweka sahani juu ya meza, unasukumiza vipande vya mbao chini ya ile miguu mifupi mpaka maji yatulie katikati, unachora mstari kwa penseli kwenye mguu mrefu, unauangalia. Mstari mtupu ulikuwa ni mawazo tu. Ukiridhika unaongeza msalaba mdogo pembeni, na msalaba ukishawekwa, mguu unakatwa. Sijawahi kuona ukikata bila msalaba, wala kuweka msalaba usikate.

"Miguu tatu ni ya meza," ulikuwa unawaambia. "Ya ine ni ya sakafu."

Na kweli. Mji huu umejengwa juu ya vilima, na hata saruji yake haijasahau.

Miaka yote hiyo mimi nilishika upande wa pili wa ubao. Hukunifundisha kazi, na sikulaumu, hukudhani kuna mtu anayejifunza. Nilikuibia kwa macho. Nilijua randa yako inashika wapi, nilijua gundi gani unaiamini na ipi unaitukana, nilijua kwamba ukipiga mluzi umekosea kipimo.

Nilichokuwa sikijui ni kwa nini meza yetu wenyewe hukuimaliza.

Unakumbuka Kalerwe, chumba kile kimoja, Furaha bado anatambaa. Watu walikuwa wakinitania kwamba mke wa seremala anakula mkekani. Ukaokoteza mabaki ya mvule kwenye kazi ya mtu, ukayaunga wiki nzima, ikatoka meza ambayo hata mimi niliionea haya, jinsi vyombo vyetu vilivyokuwa havifanani nayo. Nikaleta sahani ya maji, nikaiweka juu, nikasimama kando kama wateja wako. Uliyamwaga maji nje.

"Hapa si kwetu," ukasema. "Siwezi kukata mguu kwa sakafu ya watu."

Ungeikata Bukavu tulikotoka, kwenye sakafu ya baba yako, ile ya saruji nyekundu uliyokuwa ukiisifia kama mtu anavyomsifia mchumba wa zamani mbele ya mkewe. Mwaka ujao tunarudi, ulisema. Basi tukakunja boksi, tukalisokomeza chini ya mguu mmoja mfupi. Baada ya wiki lilibonyea, na hatukuweka jingine. Tukala kwa kuinama. Furaha alijua kushika kikombe chake kisihame kabla hajajua kusema kikombe. Mchuzi wa maharage ulikimbilia daima upande wa dirisha, na wewe ndiye uliyeketi huko, ukidai kwamba baba wa nyumba lazima aone anayekuja. Nilikuona, Baba Furaha. Ulikuwa unafuata mchuzi.

Tukahamia Kamwokya. Pale muziki wa baa ulikuwa unaichezesha meza bila kuomba ruhusa. Mara moja nilitoka sokoni nikakuta sahani ya maji juu yake nawe umekaa kando. Ukaniambia ulikuwa unanawa. Mikono yako ilikuwa mikavu, ina vumbi la mbao hadi kwenye viwiko. Niliona. Nikauliza tu kama kawaida: tukate? Ukasema mwaka ujao.

Kisha tukaja hapa Nateete, tukapata ua wenye nafasi, ukajenga kibanda cha mabati kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, na nguo zetu zikaanza kunukia mvule. Nikauliza mwaka wa kwanza. Nikauliza wa pili. Halafu nikaacha kuuliza. Nilifikiri ninakuheshimu.

Ulipozikwa nilidhani msumeno nao umezikwa. Lakini meza zako zikaanza kurudi. Mguu uliokatiwa sakafu moja haukubali sakafu nyingine, na watu wa hapa wanahama kama kuku waliofukuzwa jikoni. Zinarudi zinachechemea. Kabla mtu hajanieleza shida zake, meza yake imeshaniambia amehama. Ya kwanza ilikuwa ya muuza nyanya. Mguu mmoja mrefu, nikaukata. Ukawa mfupi, nikakata wenzake. Wakazidi, nikarudia. Ilipotulia, nyanya zilikuwa karibu na ardhi kuliko zilivyokuwa shambani. Yule mama aliitazama, akanitazama, akaikalia. Anaikalia mpaka leo, na anawaambia wateja wake kwamba Mama Furaha anatengeneza viti vizuri.

Baadaye nilikumbuka kile ulichokuwa ukikifanya kwa mguu mfupi: unabandika kipande chini, unakifunga kwa gundi na kijiti cha mbao, unaita kuuvalisha kiatu. Sasa naweza. Wanakuja hata kutoka ng'ambo ya soko. Natumia sahani yako, ile ya bati yenye ua la bluu. Msalaba naweka mdogo kama wako.

Yetu sikuigusa.

Mwezi huu Furaha alisema wazee wa mchumba wake wanakuja Jumamosi kujitambulisha. Ni Wakenya, kijana mwenyewe unamjua, yule fundi wa simu aliyekuja hospitalini akakutengenezea redio bila kuombwa. Furaha akapanga kila kitu kama jemadari, kisha akasimama mbele ya meza.

"Mama, hii chai itawamwagikia magotini."

Nikampa jibu lako. Hapa si kwetu. Nililitoa vizuri, hata sauti nilikaribia kuigiza. Alikuwa anafuta vikombe na hakuacha kufuta.

"Ni kwa nani, basi? Kutembea nimejifunzia Kalerwe, kusoma nimejifunzia Kamwokya, Baba tumemzika hapa hapa. Nyinyi mnangoja sakafu gani?"

Nilitoka nikaenda kibandani nikapiga randa ubao ambao ulikuwa umeshalainika. Maranda yalinifika vifundoni. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimeshikwa na woga, na huo sikuweza kumwambia mtoto. Sakafu haikuwa neno. Mimi hata ile nyekundu ya Bukavu sikuwahi kuipenda, ilikuwa inateleza. Nilichoogopa ni kwamba meza ikitulia, hutagonga tena.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana nikaipindua juu ya mkeka. Nilikuwa nimejiambia nitaitazama tu. Upande wa ndani wa ule mguu mrefu, mahali ambapo aliyeketi hawezi kuona, nikakuta mistari mitatu ya penseli. Wa kwanza ulikuwa umefifia mpaka nikauhisi kwa kidole kwanza. Wa pili ulikuwa umefutwa kwa msasa ukachorwa tena. Wa tatu ulikuwa mweusi, na pembeni yake palikuwa na msalaba.

Sikuamini macho, kwa hiyo nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nikaigeuza, nikaisimamisha mahali pake, nikaijaza sahani, nikasukumiza vipande vya mbao chini ya miguu mifupi mpaka maji yakatulia katikati. Nikachukua kimo cha vile vipande, nikakiweka kwenye mguu mrefu, nikachora. Penseli yangu ilipita juu ya mstari wako wa tatu kama inaurudia.

Kumbe kila nyumba uliipima. Kalerwe, Kamwokya, na hapa. Na hapa ulikubali. Sijui ni lini. Labda ni majira yale ulipoanza kukohoa, na mkono ukawa haubebi tena msumeno. Labda ulikuwa unangoja nikuulize mara moja zaidi, tukate, ili uonekane umenikubalia mimi, hukujikanusha mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimeshaacha kuuliza. Hilo ndilo linalokaa nami kibandani, Baba Furaha. Meza iligonga nje. Hilo linagonga ndani.

Nikamwita Furaha. Sikumweleza, nilimwonyesha msalaba. Akaishika meza upande wa pili, akaikumbatia hasa, kama anamshikilia mtu anayechomwa sindano. Nikakata. Kilianguka kipande kidogo kama sabuni iliyobakia. Furaha alikiokota kabla yangu na sijakiona tena, na sitamuuliza.

Jumamosi wazee walikuja, wanaume wanne na shangazi mmoja mwenye macho kama yangu, anayehesabu vikombe huku anasali. Chai ilikaa ilipowekwa. Mkono wangu ulishika kikombe muda wote, nikauona, nikaushindwa. Mkubwa wao aliketi kule kwako dirishani. Aliitazama chai yake, akapiga soli chini mara mbili, akasema, "Sakafu yenu imenyooka, mama. Hapa mjini si rahisi."

Nikamwambia asante. Nikamwambia ndiyo, ni yetu.

Wamekubaliana. Furaha atakwenda mwezi wa harusi ukifika, na meza nimemwambia haiendi naye, atatengenezewa yake. Mguu wa nne nitakwenda kuukata mwenyewe, huko atakakokaa.

Leo asubuhi lori la matofali limepita. Kabati limetetemeka, kifuniko cha sufuria kimelia. Nilikuwa nimeketi upande wako. Meza haikusema kitu.

Nikaitikia, "Karibu."

Mkeo, wa upande wa pili wa ubao,
Mama Furaha