Kiti Chako Kilichukuliwa Ukiwa Msibani

Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Kaburi lako nimelifyeka Jumamosi, na ile migomba uliyoipanda nyuma ya jiko imezaa. Hizo ndizo habari njema. Nyingine zote zinamhusu Laitoni.

Laitoni ameshinda. Bado ni mwenyekiti wa kijiji, na aliyemsaidia kushinda ni mimi, binti yako.

Unakumbuka namna walivyokutoa kwenye kiti hichohicho. Ulikuwa Mbozi Mission unamzika Shangazi. Udongo wa kaburi haujakauka, watu mmelala matangani, huku nyuma Laitoni kaitisha mkutano. Kijiji hiki, ambacho mtu akifiwa hata jembe hatushiki mpaka tuzike, kilikaa kwenye nyasi za ofisi kikakujadili ukiwa msibani. Wakasema eti unazuia maendeleo kwa sababu ulimkatalia yule tajiri wa Tunduma asijenge mashine yake ya kuosha kahawa pale juu ya chemchemi. Wakanyoosha mikono. Basi, kazi ikaisha, Laitoni akakikalia kiti chako.

Habari ulizipata njiani. Dereva wa bodaboda ndiye aliyekwambia: "Pole na msiba, mzee. Na pole na kiti pia." Ulifika nyumbani ukanisimulia huku unacheka. Nilikuchukia kidogo kwa kicheko kile. Baadaye nikakusikia chumbani unakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi, nikaelewa.

Hukuwakasirikia kwa kukutoa. Hilo ndilo lililokuwa likinichosha kwako. Kila jioni, nikikupelekea dawa ya presha, ulirudia maneno yaleyale: "Wana haki ya kunitoa, Esta. Ila wangenisubiri nirudi, niseme langu, ndipo wanitoe." Nikawa nakujibu kwamba wangekutoa tu. Na wewe unasema, "Hata kama." Hata kama! Ulikufa nayo hiyo hata kama yako.

Sasa sikiliza. Mashine ilijengwa. Msimu wa kahawa ulipofika, maganda na maji machafu vikateremka moja kwa moja hadi chemchemi, kama ulivyosema. Maji yananuka, Baba. Ukiyachota yana utelezi. Wanawake tunapanda hadi kule juu kwa akina Mama Eliza, na kule nako foleni haina mwisho. Watoto wameugua matumbo. Tukamwendea diwani, akatuambia atalifuatilia. Tukamwendea tena, akasema tusisikilize wachochezi. Na diwani tutamfanya nini? Ukishampigia kura ndiyo umempigia. Chama chake kikimchoka kitamtoa hata kesho, lakini sisi tunaokunywa yale maji tusubiri miaka mitano iishe. Mbunge hivyohivyo, na huyo tangu tumchague hatujamwona hata kwa bahati mbaya. Yupo Laitoni tu ambaye mikono yetu inamfikia.

Basi watu wakaamua kumtoa. Nilifurahi, sikufichi. Niliimba nikipalilia.

Halafu kaka yake Laitoni akafariki kule Galula. Laitoni akapanda pikipiki na mkewe wakaenda kuzika. Asubuhi yake tu, mbiu ya mkutano ikapigwa. Watu wanaambizana kwa furaha: leo hayupo, leo tunammaliza. Nami nikavaa kanga yangu nzuri nikaenda.

Nilikaa mbele, na mkono ulikuwa tayari. Walipomchagua mtu wa kuongoza kikao na kuuliza nani anataka Laitoni aondoke, nikaona ile mikono inaanza kupanda, na mingi ni ileile iliyopandishwa siku yako. Baba, moyo ulinigeuka. Nilisimama. Nikasema mtu yuko msibani, tumsubiri azike, arudi, asomewe makosa yake, ajibu, ndipo tupige kura, tena ya siri. Hayakuwa maneno yangu, ni yako.

Walinizomea. Mama Eliza akapaza sauti: "Wewe! Baba yako alisubiriwa na nani? Kaa chini!"

Nikamjibu kwamba hakusubiriwa na mtu, na hata yeye Mama Eliza hakumsubiri. Mtendaji wa kijiji, ambaye siku yako alinyamaza, safari hii aliona aibu akasema mkutano uahirishwe.

Laitoni akarudi. Akapewa nafasi ya kusema ambayo wewe hukuipata, na aliitumia yote. Alimlilia kaka yake mbele ya watu. Akaomba radhi kuhusu maji, akaahidi mtaro. Diwani alikuja akakaa karibu naye, anatikisa kichwa kwa huruma. Yule tajiri wa Tunduma akaleta habari ya pampu, eti iko njiani. Watu wakalainika. Tukapiga kura kwa karatasi kwenye ndoo, zikahesabiwa mbele yetu, na Laitoni akabaki. Haikuwa kwa kura nyingi, lakini alibaki kwa haki, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Pampu haijafika. Mtaro ni ule wa mdomoni.

Baada ya hapo alikuja nyumbani kunishukuru! Alisimama pale ulipokuwa unaanika kahawa yako, akaniambia nimeonyesha ukomavu. Nilimwambia sikumfanyia yeye. Akauliza nilimfanyia nani. Anauliza, Baba, akiwa amesimama hatua chache kutoka kaburini kwako. Wewe hajakutaja hata siku moja.

Mama Eliza haitikii salamu yangu. Kwenye foleni ya maji wananipisha kama mgonjwa, wakisema huyu ndiye aliyemwokoa. Mjukuu wako juzi kaharisha usiku kucha, nikawa namtazama na kukutukana moyoni. Nilikutukana kweli. Nilisema ungenifundisha ujanja badala ya hiyo hata kama yako. Lakini kulipokucha nikajua kwamba wangetuita tena kesho wakatufanyia hivyohivyo, ningesimama tena. Nakulaumu kwa hilo.

Mtendaji anasema hoja inaweza kurudi, mradi tuanze upya na tutoe taarifa mapema. Nimeshaanza. Jana nilikwenda kwa Mama Eliza kwanza. Hakunikaribisha ndani, ila hakufunga mlango.

Lala salama, Baba. Ninakuahidi hili: nitamtoa Laitoni. Nitachagua siku ambayo hana msiba, hana mgonjwa, hana safari. Nitakwenda kumwita mwenyewe, nitamwekea kiti mbele, nitamsikiliza mpaka akose la kusema. Kisha nitamtoa, naye amekaa palepale ananitazama.

Binti yako,
Esta