Mstari wa Tatu Niliutunga Mimi

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa dukani kwa fundi wa redio anayenifunza kazi, nimezungukwa na spika zilizopasuliwa matumbo, na nimemwambia fundi kwamba nachora mchoro wa waya, Mungu anisamehe na hilo nalo, maana shida yangu yenyewe ni ya uongo na nisipoitoa leo itanitoa roho, kwa hiyo nisikilize hata kama nitarukaruka.

Mimi ni kijana, napiga bluzi, ule muziki wa gitaa wa kulalamika polepole, na ni Mkristo kwelikweli, siyo wa kujazia benchi, na najua wapo wanaosema hivi viwili havipikwi chungu kimoja, hata kanisani kuna mzee wa kwaya akiniona na gitaa anakohoa, lakini mimi sijawahi kuona mpaka ulipo, kwa sababu nikiomba nalalamika, na nikilalamika nakuta nimeshaomba. Bluzi ina mistari mitatu, Shangazi. Wa kwanza unasema kinachokuuma, wa pili unarudia uleule kama mtu anayegonga mlango tena akidhani hakusikika, halafu wa tatu unajibu, na mimi tangu nianze nilijiwekea agano kwamba miwili ni yangu na wa tatu ni wa Mungu. Siuandiki. Naimba miwili, naachia nyuzi zitembee, nafumba macho, nasubiri, na neno likija naliimba, lisipokuja gitaa linamaliza peke yake na watu wanapiga makofi wakidhani ni ufundi. Jumamosi mchana napiga kwenye ukumbi mmoja wa chai wenye mapazia ya kijani, mwanga wake unafanya kila kitu kionekane kama kiko chini ya maji, na neno likija kweli nahisi hata vijiko vimenyamaza kwenye visahani, nami siko pale tena, niko mahali ambapo hakuna anayenidai chochote.

Sasa nikuambie ya nyumbani. Mama yangu ni mjane, ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele kando ya dirisha. Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa aliombwa asimame mbele ya waombolezaji amshukuru Mungu kwa maisha ya mzee, akasimama, akasema yeye hana la kushukuru, aliomba wiki nzima na hakusikilizwa, akaketi. Watu wakatazama viatu vyao. Jioni Mama akamwambia, "Kama humtaki Mungu wa baba yako, usilale chini ya bati lake." Kaka akachukua mkoba, akatoka, na simu yake haipatikani mpaka leo, na maneno yale Mama hajawahi kuyataja tena, wala mimi sijathubutu kumkumbusha.

Nikamtungia kaka wimbo. "Mlango haukufungwa, ni upepo ulisukuma." Narudia, "Mlango haukufungwa, ni upepo ulisukuma." Halafu nasubiri, na kwenye wimbo huu peke yake wa tatu hauji, sijui kwa nini, nimeupiga ukumbini, nimeupiga chumbani, hauji. Mama haendi ukumbini, lakini Jumapili tukitoka ibadani huniambia nimpigie huku yeye akipinda nguo za wateja, na nikifika pale pa kimya anasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja na kuuliza bila kugeuka, "Leo amekujibu?" Nasema, "Bado, Mama." Anasema, "Haya," na gurudumu linaendelea. Kuna hata dereva mmoja wa lori alileta redio yake dukani akaniambia kwenye kiwanda cha kupasua mbao anakopakia mizigo kuna mtu tunafanana kama sahani za seti moja, na anapiga mluzi kutwa, kama alivyozoea kaka, lakini sikutaka kumtangulia Mungu, nikasema nisubiri anithibitishie.

Basi Jumapili moja, mvua zilikuwa zimeanza, chumba kimejaa ule mwanga wa kijivu unaofanya mchana uwe kama jana, na Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Ana mtoto wa jicho, ule ukungu unaofunika mboni, daktari ameshasema apasuliwe. Akakosa tundu. Akalamba uzi, akakosa tena, akacheka kidogo peke yake kama anayemcheka mtu mwingine. Mimi nikafika pale pa kimya, akauliza, "Leo amekujibu?" na mdomo wangu, Shangazi, ukaimba, "Atakanyaga kizingiti kabla mvua haijakoma."

Hakuna aliyenipa. Niliutunga mimi. Nilijua ni wangu kabla haujaisha kutoka, kwa sababu ulikuja umeshajipangia vina vyake, na neno la kweli kwangu huja limechanika, huja kama mtu aliyekimbia. Lakini Mama aliiweka sindano chini, akanigeukia, na uso wake sijawahi kuuona hivyo tangu Baba alipokuwa hai, akasema, "Asante Yesu," nami nikashindwa kumwambia.

Tangu siku hiyo nyumba yetu iko ndotoni. Anaanika godoro la kaka kila jua linapochungulia, amefua mapazia, anamshonea shati kwa kukisia mabega, anaimba mstari wangu akiwa jikoni, na nyumba yote inanuka sabuni na unyevu, na asubuhi nikisikia mvua juu ya bati nakaa kitandani nasema asante, inyeshe tu, inyeshe mpaka nizeeke, na mara nyingine kati ya kulala na kuamka nasikia hatua barazani na ninauamini uongo wangu mwenyewe, natabasamu, kisha naamka vizuri ni maji yanadondoka kwenye ndoo. Na mvua zinapungua. Jana ilinyesha kidogo sana, kama mtu aliyekumbuka kitu akaghairi. Hospitali wamempigia simu Mama aende kupasuliwa, amekataa, anasema, "Akija akakuta nimelazwa, nani atamfungulia?" na daktari alisema jicho lisicheleweshwe.

Nikimwambia ukweli nitamvunja. Nikinyamaza, mvua itakoma, na atasema Mungu hasikii, kama kaka alivyosema, na nitakuwa nimempotezea Mama mwana na Mungu kwa pamoja. Gitaa nimelifunika shuka, siligusi. Nimwambie, au nisubiri? Na je, haiwezekani Mungu akaupokea mstari wangu akautimiza tu, ili asiniaibishe? Nisaidie, Shangazi, hapa nilipo sioni mbele.

Ni mimi, Kijana wa Gitaa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Kijana wa Gitaa. Vuta pumzi, nami nivute yangu, maana barua yako imenikimbiza mpaka nikasahau chai jikoni.

Nianze na zuri, kwa sababu likija mwishoni hutalisikia. Kijana anayemwona mama yake anakosa tundu la sindano akaumia si mtu mbaya. Nilipofika hapo na mimi niliumia. Ila huruma yako ina pupa, na haraka haraka haina baraka. Mama yako aliuliza swali, wewe ukampa pipi.

Unaniuliza kama Mungu anaweza kuutimiza mstari wako ili asikuaibishe. Jamani! Umeghushi sahihi ya mwenye nyumba, sasa unamwomba huyohuyo aje kuthibitisha kwamba ni yake? Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio. Mungu ana huruma, sikatai, lakini hakuajiriwa kufunika mashimo unayochimba wewe.

Sasa isome tena barua yako, pale ulipomtaja dereva wa lori kama anayetaja hali ya hewa. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikazunguka meza. Muda wote huo umekaa umefumba macho unangoja sauti, mtu kaja mpaka dukani, kakuambia mahali, kakuambia sura, kakuambia hadi mluzi, wewe ukamtengenezea redio ukampungia mkono! Ulitaka athibitishe vipi, alete pasipoti? Unasema hukutaka kumtangulia Mungu. Mwanangu, hukumtangulia, umebaki nyuma yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nami nadhani unajua ni kwa nini umengoja: ukimkuta kaka akakukatalia, wimbo umekwisha na huna tena la kuimba. Kumngoja kumekuwa kutamu. Hilo liombee toba kabla ya huo mstari.

Sisemi ni yeye. Huenda ni mtu mwingine kabisa, sura hazina hatimiliki. Lakini nauli ya basi ni ndogo kuliko mzigo ulioubeba.

Nina neno kwa mama yako pia, na nalisema kwa heshima zote, maana nadhani ni mwanamke wa rika langu na sisi wa rika hili tunajuana. Mwanawe hakufukuzwa na upepo. Alifukuzwa na neno, na neno lile lilikuwa na mwenyewe. Tangu siku hiyo hajalitaja, ila kila Jumapili anakuuliza wewe kama Mungu amejibu. Unaona inavyokwenda? Anatamani mwana arudi bila yeye kufungua kinywa, na wewe unatamani arudi bila wewe kuondoka nyumbani. Mmempa Mungu kazi yenu nyote wawili, halafu mmekaa mnasikiliza bati.

Basi fanya hivi, na usinibadilishie mpangilio.

Leo ukitoka dukani, nenda moja kwa moja nyumbani. Usishike gitaa. Msubiri amalize mshono alionao, kaa mbele yake, useme, "Mama, mstari ule ni wangu. Mungu hakunipa. Nilikuonea huruma nikautunga." Ukishasema, funga mdomo. Usieleze bluzi ina mistari mingapi. Atalia, au atanyamaza, au atakuchapa kwa rula ya kukatia nguo, na ikiwa ni rula, pokea, umeipata kihalali. Kisha usikimbilie ukumbini kwenye mapazia yako ya kijani. Kaa palepale mpaka yeye mwenyewe akuambie kapike.

Unaogopa atamwacha Mungu. Mwanamke aliyemzika mume, akampoteza mwana, na Jumapili bado anavaa akaenda ibadani, unadhani imani yake imening'inia kwenye mstari wako? Usijikuze hivyo. Kitakachomtikisa ni mvua kukoma huku wewe umekaa kimya unamtazama akikunja shati.

Hospitali ni wiki hii hii. Ufunguo mpe jirani, mwambie akija mtu anayefanana nawe amfungulie na ampe maji. Jicho halingoji unabii. Umpeleke mwenyewe, umshike mkono, na fundi wako kama atanuna mwonyeshe barua hii, ataisoma akiwa amekaa.

Gitaa lifunue. Sijakuambia uache kupiga, na yule mzee wa kwaya mwache akohoe, labda ni vumbi. Wimbo wa kaka upige ulivyokuwa, miwili kisha kimya. Kimya kile ndicho kilikuwa kitu cha kweli kuliko vyote ulivyoniandikia, na ukakionea aibu kwa sababu Mama alikuwa anatazama.

Akishatoka hospitali salama, panda basi uende huko kiwandani. Ukikuta si yeye, msalimie mtu wa watu urudi. Ukikuta ni yeye na hataki kukuona, rudi hata hivyo, umwambie Mama ulichokiona, kama kakonda sema kakonda, kama kanenepa sema kanenepa.

Lakini kabla ya kuondoka nyumbani, muulize Mama swali ambalo hakuna aliyemuuliza: "Nikimkuta, nimwambie nini kutoka kwako?" Halafu nyamaza, wewe ni fundi wa kunyamaza, safari hii nyamaza kwa ajili yake. Inawezekana akazunguka, akaongelea nauli, akakuuliza kama umekula. Ngoja. Inawezekana lisije neno siku hiyo, basi usisafiri siku hiyo. Na likija, hata likiwa moja, hata likiwa "nilikosa" na sauti yake ikikwama katikati, mpelekee mwanawe hivyohivyo. Usiliongezee kitu.