Sahani ya Bluu Juu ya Chizi

Kapkatet,
Jumatatu, baada ya kupeleka majani.

Kwa bamwai wangu, mama mkwe wa mwanangu, Mama Dorine, huko Longisa,

Chamgei mingi. Habari ya nyumba, habari ya mguu wako uliokuwa unavimba, na Baba Dorine kifua kinamwendeaje? Sisi tuko, Mungu hajachoka na sisi. Mvua inanyesha kila siku saa nane na majani ya chai yanatushinda mikono. Anayeandika ni jirani yangu Esnah, maana mimi shule niliipita tu nikipeleka ng'ombe mtoni. Lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapake mafuta.

Salimia mjukuu wetu Moureen. Mwambie kuku wake mweupe anataga mahali anapojua yeye peke yake.

Mama Dorine, umeona binti yako akiingia kwako na begi na mtoto, na najua hajakwambia sababu. Ungemfinya mpaka Krismasi, angesema amekuja kukusalimia tu. Basi nitakwambia mimi.

Unajua akina mama wa kikundi cha maziwa walimfundisha kutengeneza chizi, ile nyeupe. Esnah anasema vitabuni wanaiita jibini. Anapasha maziwa ya Chelel, ng'ombe wetu, anatia ndimu, yanakatika, anayakamua kwa kitambaa na kuweka jiwe juu. Vipande vizuri vilienda hoteli moja ya Kericho. Vilivyovunjika hoteli haikutaka, na chizi hiyo inavunjika kama udongo wa kichuguu. Kila wiki makombo yalibaki bakuli zima, na Dorine si mtu wa kutupa chakula. Akaanza kuyatia kwa mboga za managu, kwa maharagwe, kwa viazi na kabichi.

Mimi nilimwambia maziwa yaliyokatika hupewa mbwa, hayapewi mume. Nikamwita mpishi wa paka. Kimeli alipoongeza sahani ya pili nikamwuliza kama mimi mama yake nilimlea na njaa. Dorine alicheka tu, akaniita Kogo kama mjukuu wetu anavyoniita, akasema, onja kidogo, usipopenda nitakuchemshia yai. Nilikataa. Nilikula ugali wangu wa kimyet na maziwa ya mursik nikiwa nimewapa mgongo. Na nikaweka sheria: makombo hayo yasiguse nyama kwa nyumba yangu. Wewe pia umezaliwa penye ng'ombe, unajua wazee walisema maziwa na nyama zikikutana sufuria moja, kiwele kinaharibika.

Wiki mbili zilizopita Dorine alikuwa na mafunzo ya kikundi siku tatu, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Kukamua na kupika kukawa kwangu. Jumatano jioni Dorine alipakua nyama iliyobaki mchana, na Kimeli akakuta vipande vyeupe kwenye mchuzi. Aliinua kijiko akamtazama mke wake. Dorine aliitazama sufuria, akanyamaza. Alhamisi kiwele cha Chelel kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia, na maziwa yanatoka na damu.

Ijumaa akina mama wa maombi walikuwa kwangu. Janeffer akauliza ng'ombe amepatwa na nini. Mdomo wangu hauna komeo. Nilisema mbele ya wanawake tisa kwamba kuna mtu hapa anapika maziwa na nyama pamoja, na sasa anatukaushia ng'ombe. Mmoja akaguna. Mwingine akasema hayo ndiyo matunda ya kozi. Wote wakamgeukia Dorine, aliyekuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone. Alinitazama mimi peke yangu, akanipa kikombe changu kwa mikono miwili. Asubuhi akafunga begi.

Mchana wake akaja Kipchirchir, daktari wa ng'ombe. Alishika chuchu moja moja, akauliza nani alikuwa anakamua siku hizo. Nikasema mimi. Akauliza kama niliosha mikono, kama nilimaliza maziwa yote. Mama Dorine, nilikuwa nimetoka kubeba mbolea. Nilijipangusa kwa leso tu, na vidole vyangu vilipouma nikaacha maziwa ndani. Akasema chizi haina kosa na nyama haina kosa. Dawa imeokoa chuchu tatu. Ya nne imekufa, na hiyo ni yangu.

Hapa Esnah ameweka kalamu chini akaniangalia. Nimemwambia andika.

Ile nyama niliitia chizi mimi. Dorine aliacha bakuli la makombo mezani, limefunikwa na sahani ya bluu. Siku ya kwanza nilionja kwa kidole. Chumvi yake, na ulaini wake! Siku ya pili nikala na viazi, mlango wa jikoni nimeufunga kama mwizi. Jumatano nyama ilikuwa kidogo na wachumaji walikuwa wanne, nikamimina makombo yote kwa sufuria na nikaramba mwiko. Mimi niliyeweka sheria. Kiwele kilipovimba nikaogopa kwamba wazee walisema kweli na nimeua ng'ombe. Nikatafuta mgongo wa kubeba woga wangu, nikaona wa binti yako.

Naye alijua. Alikuta sahani ya bluu imeoshwa na kuegemezwa ukutani, vile ninavyoweka mimi peke yangu kwa nyumba hii. Alijua tangu Jumatano, akanyamaza nisiaibike mbele ya mwanangu. Siku ya koito, tulipoleta mahari, niliwapaka siagi nikakwambia nachukua binti. Binti alinifunika, mimi nikamvua nguo mbele ya watu.

Jana nilisimama kanisani nikasema yote, hata kuramba mwiko. Janeffer alicheka, mwache acheke. Kimeli ananisalimia tu, haongezi neno.

Sikuombi umrudishe. Mtu aliyetukanwa mbele ya wanawake tisa harudishwi kama kikapu. Msomee barua hii kwa sauti, na majirani waliomwona na begi wasikie. Alhamisi nitakuja mwenyewe. Nitasimama hapo kwa lango, na usinipe kiti mpaka yeye aseme nipewe. Akisema nirudi, nitarudi.

Nitabeba chizi niliyotengeneza mwenyewe kwa maziwa ya chuchu tatu. Imekuwa ngumu kama soli ya kiatu. Nataka aione, aniambie nilikosea wapi, au anicheke tu. Kucheka kwake nimekukosa sana.

Salimia Baba Dorine, salimia Moureen, na mguu wako uukande na maji ya moto.

Ni mimi mkosaji,
Jerusa, mama yake Kimeli.

Kidole gumba hiki hapa chini ni changu. Nimekiosha kwanza.