Viatu vya Salama vya Kutokea Nje

Mama Salama,

Binti yako amelala na viatu miguuni. Alikataa kuvuliwa. Nilipogusa mkanda wa kiatu alinitazama kwa lile jicho lako, lile la "hebu jaribu uone," nami nikarudisha mkono. Afande mzima, ninayesimamisha malori barabarani, nimeshindwa na mtu asiyefika kiunoni mwangu.

Ni viatu vya kweli, Hawa. Vya kutokea nje. Nimekaa mlangoni kwetu hapa kwenye nyumba za polisi Nsambya, ni alasiri ya Jumapili, na nimeona nikuandikie habari ingali ya moto.

Salama anatembea.

Ngoja niiandike tena, maana wewe ndiye ulistahili kuwa wa kwanza kuisikia. Salama anatembea. Hashiki ukuta, havutwi mkono. Anatembea huku amebeba kijiko, anaanguka, anainuka, anakitafuta kijiko, anaendelea na safari zake. Alianzia kwa mama yako, akimfukuza kuku aliyeingia ndani. Siku hizi anamwita mama yako Haboba, kwa Kinubi safi kuliko changu, mimi ambaye baada ya miaka yote ile kwenye ndoa nilijua kuomba chai tu. Basi Haboba alinipigia simu nikiwa kazini, akawa hasemi neno, anapiga kelele. Nilidhani kuna msiba. Kumbe ni vigelegele.

Unakumbuka alivyozaliwa. Mguu wa kushoto ulikuwa sawa, wa kulia umepinda kwa ndani, unyayo unatazama juu kama kiganja cha mtu anayeomba. Mkunga aliufunika haraka, wewe ukaufunua. Watu waliokuja kutuona walikuwa wananong'ona "bambi, bambi" kama wamekuja matangani, mpaka ukachoka ukawaambia, "Msinipe pole, nipeni chai. Mtoto ana mguu wa kunyooshwa, basi tutaunyoosha."

Na kweli ulikwenda kuunyoosha. Kila wiki, kliniki. Asubuhi ya siku yenyewe ulikuwa unaloweka plasta ya zamani kwenye beseni la maji vuguvugu, unaibandua polepole huku unamwimbia, ili mguu upate japo kuoga kabla ya kuvishwa plasta mpya. Wakati huo moyo wako ulikuwa umeshaanza kuchoka. Daktari alisema hutokea, moyo kudhoofika baada ya uzazi. Miguu yako ilivimba hata ndala haziingii. Ulikuwa unapanda kile kilima cha kliniki hatua kwa hatua, unasimama, unajifanya unatazama maua ya watu, kumbe unatafuta pumzi. Nikitaka kumbeba mtoto unaniambia, "Wewe twende, lakini kumbeba nitambeba mimi. Akija kuuliza nani alinyoosha mguu wake, nataka jibu liwe fupi."

Baada ya plasta vikaja vile viatu vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma. Kwa hiyo viatu vya kwanza vya mwanetu havikuwa vya kutembelea, vilikuwa vya kumfunga. Ukaishonea ile fimbo kitambaa cha maua. Ulisema hata chuma kina haki ya kupendeza.

Kisha ukatuacha, akiwa hajajua hata kukaa.

Siku ile siwezi kuiandika, Hawa. Niruhusu niiruke.

Nitaandika kilichofuata, kwa sababu hukijui. Baada ya kukuzika Bombo kwa watu wako, ndugu walikaa kikao. Dada yangu Kristina, unamjua alivyo, alisimama kabla hata wazee hawajamaliza kukohoa. Akasema, "Huyu ni mtoto wetu. Baba yake ni mtu wa lindo, leo yuko hapa, kesho kapelekwa Karamoja. Nitamchukua Arua nimlee. Na kwa mguu ule, maisha yake yote atahitaji mtu wa kumbeba." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia huku anasema. Nikawaomba wazee waniache nimalize matibabu uliyoyaanza wewe, mtoto akisimama ndipo tuzungumze. Wakakubali. Tangu hapo Haboba amepanga chumba karibu nasi, anashinda naye mchana, nami nikitoka kazini namchukua. Vile viatu vya chuma nimemvisha mwenyewe, analia, majirani wananiambia, "Afande, mfungue mtoto, unamtesa." Sikumfungua. Hata sasa akilala usiku tunamvisha, na ataendelea kuvivaa mpaka akue. Usiwe na wasiwasi.

Sasa unaelewa kwa nini, Salama alipoanza kutembea, nilifurahi na hofu ikanishika hapohapo. Amesimama, na ahadi ilikuwa akisimama tuzungumze. Haikupita muda Kristina akapiga simu: anakuja.

Ndani Salama alikuwa anatembea peku. Yule dada wa mazoezi wa kliniki, yule uliyempenda kwa sababu hakuwahi kusema bambi, alituambia ndivyo itakiwavyo, peku ndani ili vidole vijifunze kushika sakafu. Lakini nje kwetu unakujua: kokoto, vifuniko vya soda, na ardhi nyekundu ambayo jua la mchana huifanya kikaango. Kila akifika kizingitini anasimama, ananyoosha mikono, anataka kubebwa. Sikutaka Kristina amkute hivyo, anasubiri kubebwa.

Nikamuuliza yule dada ninunue viatu gani. Alinitazama kuanzia buti zangu kupanda juu, akacheka. "Afande, usimletee buti." Akachukua kiatu cha mtoto mmoja pale akanionyesha. Kikunjike pale vidole vinapokunjikia, kisikunjike katikati. Kisigino kikishikwa kwa vidole kisibonyee. Mbele pawe papana, vidole vipumue. Kiwe chepesi, soli ya mpira isiyoteleza, na kifungwe kwa mkanda ili kisimtoke mguuni. Nimpime amesimama, tena alasiri, akiwa amecheza mguu umetanuka. Halafu akashusha sauti kidogo: "Mguu wa kulia utabaki mdogo kuliko mwenzake. Chagua saizi ya ule mkubwa. Mdogo utaujazia kwa ndani."

Basi Haboba akamshika, mimi nikachora nyayo zake kwenye kipande cha boksi la biskuti. Nilipomaliza tukaziangalia pamoja. Ni nyayo mbili, moja ndogo kidogo, zote zimenyooka mbele. Haboba alipitisha kidole juu ya ule wa kulia, akafunika uso kwa mtandio wake, akaenda jikoni.

Kristina alifika na magunia ya mihogo mikavu na asali, kama anakuja kulisha jeshi. Siku ya pili tukatoka kutafuta viatu, yeye, mimi na Salama mgongoni kwake. Alikataa kumshusha. "Ataanguka," alikuwa anasema. "Mguu wenyewe huo."

Tulianzia soko la Owino, kwenye viatu vya mivumba, vile vilivyokwisha kuvaliwa na wengine. Kristina akaona vibuti vidogo vya ngozi, vyeusi, vizuri kweli. Nikiri, hata mimi roho ilinidunda. Nilimwona Salama kwenye gwaride. "Hivi vitadumu mpaka aende shule," akasema. Lakini nilipovigeuza nikaona kisigino kimelika upande mmoja, na ndani soli imelalia upande ule aliozoea kukanyaga mtoto wa kwanza. Nikavirudisha. Kristina akauliza vina kasoro gani. Nikamwambia, "Mama yake alimtoa huyu kwenye kupinda kwake mwenyewe. Mimi siwezi kumwingiza kwenye kupinda kwa mtoto wa watu." Akakichukua kimoja, akapitisha kidole kwenye kisigino kilicholika, akakirudisha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimemwona Kristina akikubali jambo bila kubisha.

Duka la pili lilikuwa na vile viatu vinavyowaka taa na kulia kila hatua. Salama alipiga kelele ya furaha, duka zima likageuka. Lakini soli ilikuwa ngumu kama ubao. Nilijaribu kuikunja kwa mikono miwili, haikukunjika. Mtoto akawa anainua miguu kama anavuka matope. Tukatoka naye analia, na muuza duka anatuambia, "Ssebo, watoto wote wanavipenda!" Najua. Hata mimi ningevipenda.

Tulikuwa tumechoka tulipofika kwenye kiduka kimoja cha njia ya Kabalagala. Mwenye duka ni mama wa Kikongo, mnene, mcheshi, amekaa kwenye kigoda. Nikamtolea lile boksi langu lenye nyayo. Akaliangalia, akaliweka kando, akamwambia Kristina, "Mama, shusha mutoto. Kiatu ni ya nani, yako ao yake?"

Kristina akasita. Akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Akamshusha.

Yule mama akaleta viatu vya rangi ya kahawia, mbele vipana, soli laini. Nikakunja: kimekunjika penye vidole. Nikabonyeza kisigino: kimekataa. Akamvisha Salama, akambonyeza mbele kuona kama vidole vina nafasi, akafunga mikanda. Kisha akamsimamisha mlangoni, pale kwenye saruji, akasema, "Aende."

Na Salama akaenda. Kwanza alitazama miguu yake kama amekabidhiwa mali ya serikali. Akainua mmoja, akaukanyaga kwa nguvu asikie mlio. Akainua wa pili. Akashuka kwenye saruji akaingia kwenye kokoto, Hawa, kokoto zenyewe, akamfuata mtu wa ndizi, akageuka, akarudi kwetu mbio na mdomo wazi.

Nikamweleza yule mama kwamba nitahitaji kitu cha kujazia ndani ya kiatu kimoja, kwa sababu mtoto alizaliwa na mguu uliopinda. Akashangaa. "Huyu? Mutoto huyu?" Akamwita Salama, akamtembeza tena, akainama, akaangalia huku na huku kama anayetafuta sindano. Mwisho akanyoosha kidole. "Ilikuwa huu."

Ameonyesha wa kushoto.

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Sijui kama ni kicheko tu kilichotoka, kwa sababu uso wangu ulikuwa umelowa na yule mama alinipa kitambaa. Hakuujua! Mtu ambaye kazi yake ni kutazama miguu ya watoto kutwa nzima ameutafuta mguu ule akaukosa. Nilitamani nikuite. Niligeuka kabisa, Hawa, niligeuka kama vile umesimama nyuma yangu, nikuambie umesikia alivyosema?

Aliyekuwa nyuma yangu ni Kristina. Alikuwa amejishika mdomo.

Tukaanza safari ya kurudi. Salama alitaka kutembea, tukamwacha, tukawa tunakwenda kwa mwendo wake, mkono mmoja kwangu, mmoja kwa shangazi yake. Tulipofika kwenye geti la kambi Kristina akasimama. "Nilikuja kumchukua mtoto wa kubebwa," akasema kwa Kilugbara chetu. "Huyo simwoni. Huyu ana kwao, na kwao ni hapa. Nitawaambia wazee." Kisha, kwa kuwa ni Kristina, akaongeza, "Lakini likizo atakuja Arua, na usinibishie."

Sikumbishia. Nilimsalimia kwa saluti pale getini, mlinzi akadhani amefika mkubwa.

Haboba alikata kipande cha sufu nene akakishona kikawa soli ndogo ya ndani, akakitia kwenye kiatu cha kulia, na kiatu kikamkaa sawasawa. Jumanne tukaenda kliniki aonwe. Sikumbeba. Kile kilima chako amekipanda sehemu kubwa kwa miguu yake, anasimama kuokota majani, nami nasimama naye. Bado lile benchi limejaa akina mama na vichanga vyenye plasta nyeupe. Salama alipita mbele yao kama kamanda anayekagua kikosi. Msichana mmoja, mama mdogo kabisa, mtoto wake ana plasta miguu yote miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na huyu alikuwa hivi. Nikamwambia ndiyo, alikuwa hivi. Akaanza kulia. Nikakaa karibu naye nikamweleza habari za beseni la maji vuguvugu, nikamweleza asiogope vile viatu vya chuma, na nikamweleza juu yako. Hapo wenzake wakasogea. Wakauliza unaitwa nani. Nikawatajia jina lako lote, na la baba yako, na la babu yako, mle kliniki wakalisikia.

Nimejaa fahari, mke wangu. Watu wananiambia hongera, naipokea, lakini naipokea kwa niaba. Mimi nimenunua viatu tu. Miguu ya kuvivaa uliitengeneza wewe.

Sitasema kwaheri kwa maneno makubwa. Hukuyapenda ukiwa hai. Pumzika. Mungu wako na wangu, tuliyekuwa tunamwomba kila mtu kwa njia yake chini ya bati moja, akuangalie. Idd hii nitamleta Bombo. Sitamfikisha na boda mpaka mlangoni kwenu. Tutashukia barabarani, nitamwonyesha njia kwa kidole, kisha nitamwachia mkono. Utamsikia anakuja.

Ni mimi,
Baba Salama