Fan, Neno Lililonikalisha

Mpendwa Bibi Nora,

Sauti yako niliyobaki nayo ni moja: fan. Uliitoa taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi, kila niliponyanyuka kando ya kiti chako hapa Al Muraqqabat, Dubai.

Ulinieleza mapema kwamba ni kitenzi cha Kiayalandi: kaa, subiri, usiondoke. Nilikielewa. Kukitii ndiko kulikonishinda. Sisi tunaofanya kazi katika nyumba za watu tuna mazoea yetu: madam asikukute umekaa. Ukisema fan, mimi nakunja blanketi, nafuta meza niliyokwisha kuifuta asubuhi.

Siku moja ukanishika mkono. "Hiyo meza imekukosea nini?"

"Madam atanikuta nimekaa, Bibi."

"Madam nimemzaa mimi. Lete makalio yako hapa."

Nikakaa. Ndipo ukanisomesha, wewe uliyefundisha lugha hiyo shuleni maisha yako yote. Zamani sana kitenzi hicho kilikuwa anaid, herufi f ikaja mbele yake baadaye, na wataalamu wanakihusisha na mzizi wa kale wa kupumua. Yaani kukaa mahali kulianza kwa kuvuta pumzi hapo. Nikakwambia hata sisi tuna pumzi, kisha tuna kupumzika. Ulicheka hadi ukakohoa. "Basi babu zangu na babu zako walichoka namna moja!"

Tangu urudi Ayalandi nimelitafakari sana neno lako, kwa sababu ya mama yangu. Kila Ijumaa ananiuliza kwenye simu kutoka Tanga, "Utakuja lini ukae?" Nami humjibu, "Si nilikuja likizo, Mama?" Kweli nilikuja. Nilipaka ukuta rangi, nikabadilisha bomba, nikapanga vyombo upya, yeye akinifuata nyuma na kigoda. Mwezi mzima sikukikalia hata mara moja.

Sijutii Dubai, ndiko nilikokupata wewe. Lakini wiki iliyopita binti yako aliponiwekea mkataba mpya mezani, nilimrudishia bila sahihi. Hakukasirika. Alisema anajua fika nani amenifundisha ukaidi.

Leo nimetoka Al Rigga kukata tiketi, ya kwenda tu. Nimempigia Mama nikamwambia asihangaike kupika. Atoe kigoda.

Mjukuu uliyejipatia ugenini,
Rehema