Kabla ya Kuchomoa Waya

2 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila joto la chumba cha mitambo litanikausha.

Uliuliza kazi yangu mpya ni ipi hasa. Simu na picha za watu husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Mtambo wa zamani huugeuza mwanga kuwa umeme ili ujue pa kuupeleka, kisha huurudisha kuwa mwanga, na hapo ndipo umeme mwingi huliwa. Mtambo wangu una vioo vidogo kuliko punje ya chumvi. Mwanga ukifika, kioo kinainama na kuuelekeza. Njia isiyo na kazi inalala.

Nimepewa mwezi mmoja wa majaribio. Nikishindwa, mtambo unang'olewa.

Mwanao,
Kitindamimba

9 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Goti lina kiburi lakini linatii. Barua yako nimeisoma mara tatu, usinicheke. Kumbe wewe ni opereta kama mimi! Miaka kumi na tisa nilichomeka nyaya za simu kwa mkono, wewe unachomeka mwanga.

Sasa niambie, kioo kinajuaje kuwa watu wamemaliza?

Mama

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Swali lako limenikuta pabaya. Kioo hakijui. Njia ikikaa kimya sekunde mbili, mtambo unailaza. Kumbe kuna kipimo cha maji ya mto kinachotuma taarifa kila baada ya dakika kumi. Tumekikata mara arobaini, na watu wa bondeni, wanaokitegemea kujua mafuriko yakija, wamekuja juu. Nikiongeza muda wa kusubiri, umeme unaliwa vilevile.

Mkuu wa mitambo amenipa wiki mbili tu. Roho iko juu. Nyinyi mlifanyaje?

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Sheria yetu ilikuwa moja: kabla ya kuchomoa waya, ingia kwenye laini uulize, "Mmemaliza?" Wakisema bado, unatoka taratibu.

Siku moja sikuuliza. Laini ilikuwa kimya, wengine wanasubiri, nikachomoa. Kesho yake mama mmoja akaja hadi mlangoni pa ofisi yetu ya simu. Alikuwa akiongea na mwanawe aliye mbali, wote wawili wakalia hadi maneno yakawaishia. Hakumpata tena kwa namba ile. Sikumwambia kuwa ni mimi. Hata wewe sikuwahi kukuambia, kwa aibu.

Mama

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimekaa kimya kwa sababu sikutaka kukupa matumaini ya bure. Sasa mtambo unaziuliza ncha zote mbili kabla ya kuilaza njia. Kipimo kinajibu "bado", kinaachwa. Umeme umepungua kwa theluthi na hakuna aliyekatwa. Mtambo haung'olewi!

Mkuu aliuliza wazo limetoka wapi. Nikasema kwa opereta mstaafu. Anataka uje uzungumze na mafundi. Kisa cha yule mama sikukitaja, hicho ni chako.

Mwanao

15 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Nitakuja. Nataka kuviona vioo hivyo kwa macho yangu, na nimeandika maswali sita.

Kisa cha yule mama nitakisema mwenyewe, mbele ya mafundi wote. Nimechoka kukificha. Wewe kaa mbele, nikuone.

Mama