Aliyekula Betri Usiku

Ziwa la Ng'ombe, Kisauni
Mombasa

Zuhura, mdogo wangu wa tumbo moja,

Assalaam alaykum. Kaa kitako kwanza ndipo usome, na kama miwani yako bado ina ufa, mpe Mwanaidi akusomee. La, usimpe. Soma mwenyewe mpaka mwisho, la kufanya nitakwambia huko chini.

Magoti yako yanakwendaje? Shemeji yangu Shee, kile kikohozi cha kaskazi kimemwachia? Mvua imefika huko Faza, au jabia za maji ya mvua bado zinatoa tope? Hapa imenyesha kidogo, vumbi limelala, mbu wameamka. Mimi nasema sijambo kwa ajili ya adabu tu. Miguu imevimba, viatu nimeviweka chini ya kitanda sivijui tena. Nikilala chali pumzi inakatika, kwa hivyo nalala nimeketi, nimeegemea mito kama bwana harusi. Daktari alinisikiliza kifuani akasema, "Moyo umechoka, Mwalimu." Sikumwuliza zaidi. Mwandiko huu uliopinda ni wangu, usidhani nimemwandikisha mtu.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza neno moja: "Kaka, mwanangu amekukosea nini?" Sikukujibu. Nimekaa na swali lako chini ya mto mpaka karatasi imekunjika.

Hakunikosea, Zuhura. Mimi ndiye niliyemkosea, tena mbele ya watu, tena kwa Msahafu. Ninaogopa kufa kabla hajalisikia hili kutoka kwangu.

Wewe hujapata kukaa hapa tangu mwanangu Athumani atie umeme wa jua, kwa hivyo nikueleze ulivyo. Nguzo za umeme zimeishia barabara kuu, hazikuingia mtaani kwetu. Mwanangu alipopata kazi ya mitambo melini, safari yake ya kwanza alirudi na sahani ya jua akaipigilia juu ya paa, na betri kubwa nzito kama jiwe la kusagia akaiweka ukumbini, juu ya ubao. Baina ya viwili hivyo kuna kisanduku chenye taa tatu ndogo: kijani betri ikishiba, manjano ikipungua, nyekundu ikiwa na njaa. Umeme huu ni kama maji ya jabia. Mchana unajaza, usiku unachota, na anayechota bila kuangalia kina atafika kwenye tope. Betri ikizoea kufikishwa kwenye tope, hufa.

Athumani alipoondoka aliniachia mimi uangalizi, na mimi, unanijua, nikaufanya shule. Taa ya ukumbini izimwe baada ya Isha. Televisheni ni ya taarifa ya habari tu, basi. Maji ya betri ni yale ya dukani yaliyochujwa kwa mvuke, si ya kisima, si ya mvua. Mwanaidi mkewe nilimfundisha kupangusa kinyesi cha kunguru juu ya sahani kila asubuhi na kupaka mafuta mgando kwenye vichwa vya betri ili visile kutu. Alikuwa akinitania, "Mjomba, betri hii inalelewa kuliko mume wangu." Majirani walikuja jioni kutazama habari, na kisanduku kikionyesha manjano nilizima katikati ya maneno ya mtangazaji. Bi Riziki, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, husema nilimkata rais ulimi zaidi ya mara moja.

Mambo yaliharibika nilipoanza kuugua. Kuna usiku niliamka pumzi imenibana, taa zote zimezimwa kama nilivyoamuru mwenyewe. Nilinyoosha mkono nikagusa ukuta. Nikanyoosha wa pili, nikagusa ubao wa kabati. Zuhura, nilidhani niko kwenye mwanandani. Nilidhani wameshanizika na kurudi zao, na kwamba ile sauti ya moyo wangu ni viatu vyao vikienda mbali. Nilitaka kuita jina la mke wangu marehemu, ulimi ukagoma. Sijui nilikaa hivyo muda gani mpaka nilipoifikia swichi.

Tangu usiku ule sikulala gizani tena. Niliwasha taa ya chumbani mwangu, nikaziba nafasi ya chini ya mlango kwa shuka ili mwanga usitoke, nikazima kabla ya adhana ya Alfajiri. Kisanduku kile kina akili, betri ikichoka hukata chenyewe. Siku ya kwanza iliponikatia nilipiga kelele ndani ya mto. Asubuhi yake, Mwanaidi akiwa sokoni, nikauchomoa waya wa taa yangu kwenye kisanduku nikauunga moja kwa moja kwenye betri. Mimi, niliyefundisha sayansi mpaka nywele zikaota mvi! Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nachota tope kwa mikono yangu.

Ungeniuliza kwa nini sikusema tu kwamba naogopa. Ningemwambia nani? Ni mimi ninayeitwa nyumba za watu kuwasomea Yasini wanaokata roho. Nimewashika mikono watu wa mtaa huu nikawaambia, "Usiogope, ni mlango tu." Niliona haya, mdogo wangu. Haya ilinishinda kuliko ukweli.

Basi televisheni ikawa haiwaki. Majirani wanakuja, wanakaa mkekani, tunatazama kioo cheusi. Siku ya jambo lenyewe ilikuwa baada ya Alasiri. Bi Riziki akasema, "Mwalimu, au betri imefunga Sita za Shawali?" Watu wakacheka. Mwanaidi alikuwa akipitisha kahawa. Akaweka birika chini, akasema kwa upole tu, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea:

"Mjomba, mimi nimeiangalia. Jioni inalala na manjano, asubuhi inaamka na nyekundu. Kuna mtu anaila usiku."

"Labda jini," akasema Bi Riziki.

"Jini halichomoi waya, Bi Riziki. Nilipokuwa nikipaka mafuta nimeona kuna waya mmoja—"

Hakumaliza, maana nilimkatiza. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ulizeni redio yake ya kaseti. Watu wakilala yeye na taarabu zake."

Alinitazama kama hajasikia vizuri. "Mimi, Mjomba?"

"Nani mwingine humu?"

"Wallahi sijaigusa usiku hata siku moja."

Hapo ningeweza kunyamaza, jambo likapita. Lakini nilihofia atarudi kwenye ule waya. Nikamwambia, "Wallahi ya mdomo ni rahisi. Lete Msahafu."

Mwanaidi aliondoka, nikamsikia akitawadha uani. Akarudi amejitanda buibui, akakaa mbele yangu, akaweka mkono juu ya Msahafu. Wakati wote wa kuapa hakuutazama Msahafu, alinitazama mimi. Nadhani alikuwa ameshajua, na alikuwa akinipa nafasi. Alipomaliza walinigeukia mimi niseme yamekwisha. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Basi. Maneno matatu hayo yalimtia doa ambalo hata kuapa kwake hakukulifuta.

Asubuhi alinipikia uji, akapangusa sahani ya jua kama kawaida, akabeba mkoba wake, akapanda basi la kuja kwenu. Alisema tu, "Mjomba, dawa yako iko kwenye kikombe." Mimi nikawaambia watu amekwenda kumwona mama yake. Athumani naye habari zikamfikia bandarini, sijui kwa mdomo wa nani, akaniandikia kwamba mke aliyeapa uongo hawezi kukaa nyumbani kwake, na kwamba akishuka meli atamaliza jambo. Nimeshamwandikia ukweli wote kwa anwani ya meli. Barua hiyo ikichelewa akaja huko kwanza, nawe unayo hii mkononi. Mwonyeshe.

Sasa sikiliza adhabu yangu. Mwanaidi ameondoka, na betri bado inaamka na nyekundu. Betri iliyochoka hunywa maji kama mtu mwenye homa. Nilifungua vifuniko nikaona sahani za ndani zimeanza kutokeza. Miguu hainifikishi dukani, na kumwagiza Bi Riziki siwezi, kwa sababu angeniuliza, "Mharibifu si ameshakwenda, mbona bado inakunywa hivi?" Nilikaa ukumbini nikaitazama. Jua lilikuwa linashuka, na mimi nikaanza kutetemeka kabla hata giza halijafika.

Unakumbuka kile kidumu kidogo cha Zamzam ulichoniletea uliporudi hija? Ulisema, "Kaka, hiki usikiguse, ni cha kukutonea mdomoni siku yako." Nilikitoa kabatini. Nikasema Bismillahi, nikayamimina yote ndani ya betri.

Ni maji matukufu, lakini ni maji yaliyotoka ardhini, yana chumvi zake, na betri haitaki chumvi ya aina yoyote. Jambo hilo nimeliandika ubaoni kwa chokaa mara nyingi kuliko jina langu. Nilijua. Nilimimina nikijua, kwa sababu nilitaka usiku mmoja tu. Nikaupata, na wa pili. Kisha ikafa. Hivi sasa sina betri, sina Zamzam, na moshi wa taa ya chemli daktari ameukataza, nikiuvuta nakohoa mpaka macho yanatoka.

Usiku huo wa kwanza wa giza nilijikokota mpaka kibarazani, nikakaa kwenye nyota. Bi Riziki alinikuta pale akienda kuchota maji asubuhi.

"Mwalimu! Umelala nje kama paka aliyefukuzwa?"

Nikamwambia. Sikupanga, maneno yalitoka yenyewe, la betri, la waya, la kiapo, la Zamzam. Nilidhani atanionea huruma. Aliweka ndoo chini.

"Kumbe mimi nimemsema mtoto wa watu kisima kizima, na mwizi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na Zamzam ukainywesha betri?"

"Nimeinywesha."

"Haya, na shahada itakutamkia hiyo betri?" Alicheka, lakini machozi yalikuwa yakimtoka. Kisha akasema, "Mimi sitamwambia mtu. Waite wewe. Waite walewale, saa ileile, mkeka uleule."

Niliwaita jana. Walidhani televisheni imepona. Nilisimama nimeshika mlango, maana kukaa nilikuona ni kujistarehesha, nikasema yote. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilinitisha zaidi. Mzee mmoja, mwenzangu wa safu ya mbele msikitini, akasema, "Tumekusamehe, Mwalimu, sote ni watu." Nikamjibu, "Si yenu ya kusamehe."

Hapo ndipo hofu yangu ilipo, Zuhura. Nilidhani naogopa giza. Giza nimeshakaa nalo, sasa nalijua. Ninaloliogopa ni lile ambalo mimi mwenyewe nimelisomesha darasani miaka yote: kosa la mja na Mola wake, mlango wake uko wazi mpaka roho ifike kooni, lakini haki ya mja mwenzio, Mola haisamehe mpaka mwenyewe asamehe. Nimewasomea wengine maneno haya kwa sauti nzuri. Leo yananisoma mimi, na sauti yake si nzuri.

Sasa la kufanya. Mwite Mwanaidi, na mumeo awepo, na wale waliosikia kwamba alirudi na doa. Soma barua hii yote, usiruke hata pale pa kunifedhehesha. Kisha mwambie Mjomba wake anamwomba radhi. Asije huku kwa kuihurumia miguu yangu. Bi Riziki ananiletea uji, na jioni anakaa nami mlangoni mpaka macho yanifunge. Ananitukana kidogo, nashukuru. Kuhusu ndoa yake na Athumani, arudi au asirudi, aamue akiwa msafi, si akiwa mtuhumiwa.

Na wewe, nakuomba jambo gumu. Wewe ni mama yake, na ni ndugu yangu. Utataka kunipoza. Utamwambia, "Sema umemsamehe, mjomba wako anakufa." Usimwambie hivyo. Mwache akae na neno hili siku atakazo, hata zikipita siku zangu. Akisema ndiyo, niandikie ndiyo. Akisema hapana, niandikie hapana, usiipake asali. Ukimshurutisha kutamka asiloliridhia, tutakuwa tumemwapisha mara ya pili.

Nisalimie shemeji yangu Shee, mwambie asivue usiku na kifua hicho. Msalimie Bi Esha mkunga aliyetupokea sote, kama bado anasikia, na mwalimu wa chuo cha Kurani, mtoto wa ami yetu, mwambie aniombee bila kunisifu. Wajukuu zako wapige busu wote, wale watundu mara mbili. Kwa Mwanaidi sitii salamu; salamu ni ya mtu aliye na uso, mimi kwake nangoja nirudishiwe wangu.

Barua hii anaileta mtoto wa jirani anayekuja Lamu kwa basi la kesho, kisha Faza kwa mashua. Atakaa huko wiki nzima. Ikiwa kuna jibu, mpe. Ikiwa hakuna, mwambie aje tu aniambie kwamba ulisoma, na kwamba Mwanaidi alisikia.

Ni mimi kaka yako, ninayeogopa,
Mwalimu Omari